Hodi Kwenye Labo Yangu

Mtu mwenye akili zake habishi hodi kwake. Anafungua mlango, anaingia, anavua viatu. Mimi nilikuwa nabisha hodi kila asubuhi kwenye mlango ambao ufunguo wake ulikuwa unaning'inia shingoni mwangu, wa chumba ambacho ndani yake hamkuwa na mtu, na nikishabisha nilikuwa nasubiri kuitikiwa. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi la koridori walikuwa wananitazama. Wengine walidhani nasali kabla ya kazi. Niliwaacha wadhani hivyo.

Kazi yangu ni ya labo. Mimi ndiye yule anayekuchoma kidole, anachukua tone la damu, anakwenda kulitazama kwenye mikroskopi, kisha anarudi na jibu: una malaria, huna malaria. Nilizaliwa Fizi-Centre, huko juu milimani, nikasomea kazi hii Bukavu, na nilipomaliza nikapata nafasi kwenye kituo cha afya huku chini Baraka, karibu na ziwa. Diploma ninayo. Mama yangu ameitia kwenye fremu na kuitundika juu ya redio, na mgeni anayekuja kuomba maji ya kunywa lazima aisome kwanza. Lakini siku nilipoingia kwenye ile labo, diploma haikuingia nami. Ilibaki Fizi, juu ya redio.

Labo ilikuwa ya mzee aliyenitangulia. Hakuna hata aliyeiita labo. "Peleka hii damu kwa mzee." "Jibu limetoka kwa mzee?" Na mzee mwenyewe alikuwa ameshakufa miezi mingi kabla sijafika, tena alikufa humo humo ndani. Habari hiyo nilipewa siku yangu ya kwanza na muuguzi wa uzazi, mama mmoja mnene ambaye mdomo wake haujui likizo. Alinisimulia akila muhogo, bila hata kupunguza sauti.

"Alikufaka pale pale utaikala," akasema. "Jicho yake kwenye mikroskopi. Saa sita ya muchana. Bagonjwa bako inje banangojea. Mutu anafungua mulango, anaona mzee ameinama, anasema, aa, mzee iko anatumika kazi. Anafunga. Mwingine anafungua, anaona vile vile, anafunga. Banamungojea tu! Mpaka mama moja akachoka, akaingia na hasira, akamugusa bega."

"Halafu?"

"Halafu nini? Baridi." Akameza muhogo wake. "Ikala na amani, mutoto yangu. Kazi njema."

Ndiyo makaribisho niliyopata. Humo ndani koti lake jeupe lilikuwa bado kwenye msumari, limekunjamana kwenye viwiko kana kwamba mikono ilikuwa imetoka muda si mrefu. Juu ya kigoda kulikuwa na mto mdogo ulioshonwa kwa kikwembe, yaani kitenge, cha zamani, na katikati ya mto kuna bonde, alama ya mtu aliyekaa hapo miaka na miaka. Mikroskopi ilikuwa ya zamani, ya kutumia mwanga wa dirisha, na dirisha lilitazama ziwa. Asubuhi zile za ukungu, maji na mbingu vinakuwa rangi moja, na chumba kizima kinajaa mwanga mweupe usio na kivuli. Sikuwahi kuupenda mwanga ule.

Asubuhi ya pili nilibisha hodi bila kufikiri, kwa heshima tu, jinsi unavyobisha kwa mtu mzima. Nikasikia kigoda kinalia. Kililia kidogo, kama mtu amesogea ili akupishe.

Najua, najua. Mbao hulia asubuhi zikipata joto, na hata asiyesoma analijua hilo. Lakini asubuhi iliyofuata nilibisha tena kikalia tena, na baada ya hapo sikuweza kuacha. Siku kikichelewa kulia nilikuwa nabaki mlangoni na ufunguo mkononi, mpaka muuguzi wa uzazi anapiga kelele kutoka upande wa pili: "We, umelala ukiwa wima?" Kikilia, naingia. Nakaa pembeni ya mto, kwenye ukingo, kiuno kinaniuma mpaka jioni. Lile bonde la katikati sikuligusa.

Kisha kukawa na jicho.

Kila mtu wa labo atakuambia kwamba ukiinama vibaya kwenye mikroskopi unaweza kuona jicho lako mwenyewe, kope zako, limeakisiwa kwenye kioo. Tulifundishwa hivyo, na wanafunzi wote tulicheka. Mimi nililiona jicho katika wiki ya kwanza, kwenye damu ya mtoto mwenye homa, nikajiambia ni langu. Nikalitazama vizuri. Kuzunguka ile sehemu nyeusi kulikuwa na mviringo wa kijivu, ule ambao wazee wanao. Nilikwenda nyumbani nikajitazama kwenye kioo, karibu kabisa na dirisha, nimevuta kope kwa vidole. Macho yangu hayana mviringo wowote. Nina miaka thelathini na kidogo, mviringo niutoe wapi?

Kuanzia hapo nilielewa, au nilidhani nimeelewa, mambo yalivyo. Anayeona ni mzee. Mimi nashika tu vyombo. Jibu likiwa zuri, ni lake. Jibu likiwa na mashaka, hilo sasa ni langu mimi, mtoto wa Fizi aliyepewa kiti cha mtu. Kila tone la damu nililitazama na kulirudia mpaka macho yanatoa machozi. Daktari akiniita tu, hata kama ni kuniomba kalamu, nilijiambia: leo wamenijua. Leo wataniambia, tulikosea, tulimtaka mwingine.

Siku moja alikuja mwenye boti mmoja, baba wa familia moja ya Kiislamu ya hapa pwani ya ziwa, na samaki wawili wakubwa kwenye kamba. Nilikuwa nimeona ugonjwa kwenye makohozi yake, akatibiwa, akapona, akanenepa.

"Aksanti, mama. We njo uliniona."

"Aksanti mupatie mzee," nikamjibu.

Akanitazama. Akatazama koti kwenye msumari. "Mzee ule alikufa?"

"Ndiyo, njo yeye."

Akaacha samaki juu ya meza, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Muuguzi wa uzazi alicheka wiki nzima. "Usitume batu kwa bafu! Tutabakia bila bagonjwa!" Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Lakini sokoni bamama wakiniita "dokta ya damu" nilikuwa navuka barabara. Niliona aibu. Niliona nimevaa nguo ya mtu na mwenyewe yuko njiani anakuja kuidai.

Rafiki yangu tuliyesoma pamoja, anayefanya kazi Uvira, nilimwambia yote kwenye simu, kasoro jicho. Akanitumia ujumbe mrefu wa sauti, nyuma yake kuku wanalia. Akasema alisikia mafunzo fulani, hali hiyo ipo, ina jina lake kabisa. Ni mtu kujiona tapeli kwenye kazi yake mwenyewe. Amesoma, anaweza, lakini moyoni anaamini amewadanganya wote, na siku moja watamfunua. Watu wakubwa wanayo, mapadri wanayo, madaktari wanayo. "Siyo we peke yako," akasema. "Ukiona inakuya, uiseme kwa jina yake, itapunguka."

Nikamjibu: "Na hiyo ugonjwa yenu, kigoda inaliaka?"

Jioni akatuma kicheko tu. Nilikasirika, sitaficha. Nilishukuru kupata jina la kitu, lakini kesho yake nilibisha hodi kama kawaida.

Basi nikaamua kuondoka. Nilimwambia mkuu wa kituo atafute mtu mwingine, nikasema hewa ya ziwa inanisumbua kifua. Mama nilimpigia nikamwambia narudi Fizi mwisho wa mwezi, tutalima maharagwe pamoja.

"Na fremu?" akauliza.

"Fremu iko na nini?"

"Bageni nitabaambia nini?"

Nikamwambia aseme anachotaka. Nilikata simu nikalia, kwa sababu nilikuwa naipenda kazi ile. Hilo watu hawalielewi. Niliipenda mno, ndiyo maana niliona si haki ishikwe na mtu kama mimi.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia alipoletwa mgonjwa kutoka juu, upande wa Minembwe. Alikuwa msichana, mimba yake ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Alikuja na mama yake mzazi, mahali pengine kwa pikipiki, mahali pengine kwa miguu, na tumbo lile. Mama alikuwa mrefu, mkimya, shali imekazwa mabegani. Walikuwa hawajui mtu Baraka. Walikaa mwisho wa benchi, hawakuegemea hata ukuta, jinsi mtu anavyokaa fasi, mahali pasipokuwa pake.

Daktari wetu ni kijana kama mimi, mpole, amechoka siku zote. Aliingia mwenyewe labo kuniletea maelezo.

"Bamemupa dawa ya malaria kila fasi amepita," akasema. "Homa inaenda, anapona kabisa, siku zinapita, inarudi. Inaenda, inarudi. Ikirudi tena na nguvu, mutoto atatoka mbele ya saa yake, bado hajakomaa, na mama pia sijue. Niangalilie muzuri. Ukiona malaria, naendelea. Ukiona kingine, uniambie, nabadilisha dawa sasa hivi. Usipoona kitu..." Akainua mabega. "Nitaendelea na ile ile. Sina ingine ya kushika."

Nilichukua damu, nikaikausha, nikaitia rangi, nikakaa kwenye ukingo wa mto. Ukungu ulikuwa umefunika ziwa lote, dirisha limekuwa jeupe tupu. Malaria sikuona. Nilisogeza kile kioo chenye damu polepole, upande huu, upande ule. Hakuna. Kisha, katikati ya chembe za damu, nikaona kitu kimoja. Kilikuwa chembamba, cha zambarau, kimejikunjakunja kama unywele wa mtoto mchanga.

Nilijua ni nini. Yaani nilijua mara moja, kabla sijaanza kuogopa. Ni kimputu, homa inayoletwa na papasi, yule mdudu anayejificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuuma watu wakiwa wamelala. Homa yake ndiyo hiyo, inakwenda na kurudi. Dawa yake ipo, ila siyo ya malaria.

Lakini shuleni nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Na uzi wa pamba nao unajikunja. Uchafu wa rangi nao unajikunja. Kilikuwa kimoja tu, nilitafuta cha pili sikukipata. Sauti ikaanza kichwani: we nani wa kusema kimputu? Mzee angesema, sawa. We ukisema, wakabadilisha dawa, kumbe ni pamba, mtoto akafa tumboni, utaweka wapi uso wako? Sema hamna kitu. Mtu hafukuzwi kwa kusema hamna kitu.

Jicho likaja. Lilikuwa pale pale kwenye mwanga, na mviringo wake wa kijivu. Likapepesa. Mimi sikupepesa. Nasema hivi na najua jinsi inavyosikika: mimi sikupepesa.

Nilitoka nje nusu ya kukimbia. Uani nilikutana na muuguzi wa uzazi ameshika beseni.

"Kuko nini? Umeona nini?"

"Hamuna kitu," nikasema.

"Kwenye damu ya ule mutoto mwenye mimba?"

"Nimesema hamuna kitu!"

Aliniangalia, kwa mara ya kwanza bila neno la mzaha. Nikaenda mpaka kwenye chumba cha daktari nimwambie vile vile, hamna kitu, yaishe. Alikuwa anashona kidonda cha mtu. Bila kugeuka akasema, "Ningojee kidogo." Nikashindwa kumngojea. Nikarudi labo, nijidai naangalia mara ya mwisho.

Mlangoni nikabisha. Hodi. Kigoda hakikulia. Nikabisha tena, hakikulia. Nikabisha mara ya tatu, nikaweka sikio kwenye mbao. Kimya. Ukibisha mara tatu usiitikiwe unaondoka, hiyo tunajua wote toka utoto. Nikageuka kuondoka, na kwenye benchi yule mama mrefu alikuwa ananitazama. Binti yake alikuwa amelaza kichwa kwenye paja lake. Nilishindwa kupita mbele yao. Nikaingia bila kuitikiwa, kama mwizi, ili tu nisionekane na macho yale, nikafunga mlango nyuma yangu.

Sikukaa. Nilisimama katikati ya chumba.

"Hodi."

Ilitoka nje. Ilikuwa sauti ya yule mama. Nami, Mungu anisamehe, nilisubiri mwenye chumba aitike.

"Hodi," akarudia.

Hakugusa mlango. Hakuwa mtu wa kufungua mlango wa watu. Nikatazama kigoda, nikatazama bonde la ule mto. Nikatazama koti kwenye msumari. Nyuma ya mlango nilisikia meno ya binti yake yanagongana, kwa nguvu, kama mtu anatingisha kopo la misumari. Homa ilikuwa imerudi.

"Hodi..." Safari hii ilikuwa chini, ile hodi ya mtu ambaye ameshaanza kugeuka. Nikajua. Akiondoka pale atamrudisha mtoto wake kwenye benchi, kesho atampandisha kwenye pikipiki, watapanda milima na lile tumbo, na hawatashuka tena. Na mle ndani, wa kumwitikia, hakukuwa na mwingine. Nilizunguka chumba kizima kwa macho. Hakukuwa na mwingine kabisa.

"Karibu!" nikapiga kelele. Sauti ilinishtua mwenyewe. "Karibu, mama! Ingia, ingia!"

Akaingia akimkokota binti. "Unisamehe," akasema. "Kila fasi tunafikaka wakati homa imeisha, banasema haiko na kitu. Sasa iko nayo. Nilisema umuone sasa."

Ningembusu miguu. Kimputu kinajaa kwenye damu wakati homa imepanda, na ikishuka kinajificha. Yule mama hakusoma hayo, yeye alichoka tu kurudishwa, lakini mimi niliyasoma, na yote yalinirudia kwa pamoja, hata sura ya mwalimu na rangi ya ubao. Nikamchoma binti kidole tena. Safari hii sikukausha, sikutia rangi. Tone bichi, kioo juu yake, moja kwa moja kwenye mikroskopi. Na nilikaa. Nilikaa katikati ya mto, kwenye bonde, kwa haraka, wala sikukumbuka.

Chembe za damu zilikuwa zinashtuka. Moja hapa, moja pale, inaruka pembeni, kama watu kwenye msongamano wa soko wakisukumwa na mtu mfupi usiyemwona. Nikatulia, nikangoja, nikaziona. Nyuzi hai, zinajizungusha, zinapita, zinasukuma. Sasa pamba ya wapi inatembea? Kama jicho lilikuwepo wakati ule sijui. Sikuwa na nafasi nalo.

Nilimkuta daktari ananawa mikono.

"Ni kimputu."

Akasimama, maji yanamtiririka kwenye vidole. "Uko hakika?"

Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema mzee angejua zaidi. Kilitaka kusema labda, kilitaka kusema tutume damu Bukavu.

"Niko hakika," nikasema. "Kuya labo uone."

"Mi nione nini? Kama we umeona, imetosha." Na akaenda kuandika dawa. Sikupata hata mtu wa kugawana naye mzigo. Nilimchukia dakika ile.

Daktari alikuwa amenionya kwamba dawa ile ikiingia mara ya kwanza, homa itapanda vibaya kabla ya kushuka. Nilikuwa najua. Kujua hakunisaidia. Chumba cha wagonjwa na labo vinagawana ukuta, na mchana ule kitanda cha chuma cha binti kilianza kutetemeka, kikigonga ukuta, na vioo vyangu kwenye sanduku juu ya meza vikaanza kulia vyenyewe, ti-ti-ti, ti-ti-ti, bila mtu kuvigusa. Nilisimama nimeshika sanduku kwa mikono miwili ili vinyamaze. Nilisema kwa sauti, nimemuua. Nimeua wawili. Nilisema hivyo kwa koti, maana hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Kisha vikanyamaza vyenyewe, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Nikaliacha sanduku, nikaenda chumba cha wagonjwa.

Binti alikuwa amelala, nguo zote zimelowa jasho, uso umetulia. Mama yake alikuwa anampepea kwa ncha ya shali. Mkono mwingine ameuweka juu ya tumbo.

"Iko anacheza," akaniambia. "Mutoto iko anacheza ndani."

Nililia mbele za watu, na yule muuguzi wa uzazi, ambaye nilimtarajia anicheke, alinipa kona ya kikwembe chake nipangusie pua.

Walipoondoka, binti akitembea mwenyewe, nilimpelekea ujumbe mjane wa mzee aje achukue koti. Nilikuwa nimechoka kulitazama. Alikuja asubuhi moja, mama wa Kiislamu mwenye sauti ya chini, mkono umejaa hina. "Hodi," akasema mlangoni.

"Karibu," nikaitika haraka.

Akaingia akicheka. "Ah, we unaitikaka! Mi nilizoea kungojea pale inje. Mzee hakuitikaka batu."

"Kwa nini?"

"Alisemaka hapa haiko kwake. Yeye mwenyewe alikuwa anapiga hodi humu. Miaka yote ile! Kulikuwaka mwingine wa zamani mbele yake, alikufa wakati ya vita. Mzee alisemaka, ule njo alikuwa fundi, mi nachunga kiti yake tu. Kila asubuhi akikunywa chai: mama, leo batanijua." Alilitoa koti kwenye msumari, akalikunja kifuani. "Hata alisemaka anamuonaka ndani ya ile mashini yenu. Jicho yake."

"Jicho ya namna gani?"

"Iko na kitu ya majivu, hivi, inazunguka. Ule mutu alikuwa nayo. Nilimujua."

"Na mzee? Macho yake?"

"Ya mzee? Safi, mpaka mwisho."

Akafika mlangoni, akasimama. "Siku ile alikufa, alirudi nyumbani kuchukua miwani alisahau. Alikuwa anacheka. Nikamuuliza, unacheka nini? Akasema, leo nimeingia bila hodi."

"Mama! Hiyo ni habari ya kumuachia mutu?"

"We njo uliuliza," akasema, akaondoka na koti lake.

Nilikaa nikatazama msumari mtupu. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi nilimhurumia. Mzee wa watu. Watu wote wa Baraka wanaita chumba kwa jina lake, na yeye miaka yote mgeni humo ndani, asubuhi moja tu ndiyo alikaa akijua kiti ni chake. Jioni nilimwambia mkuu wa kituo asitafute mtu. Nilimpigia mama, nikamwambia sirudi, fremu ibaki juu ya redio, bageni wasome.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu tena. Benchi lilikuwa tupu, nilikuwa nimewahi. Nilitia ufunguo nikafungua, naogopa bado, sitajidai, na nikaingia bila kusema neno. Nikakaa katikati ya mto. Nikaweka kioo cha kwanza, nikainama.

Nyuma yangu, koridorini, mtu akabisha. Ilikuwa hodi ya mwanaume mtu mzima, ya upole, ya mtu aliyezoea kungoja. Sikusikia hatua kabla yake.

"Karibu, mzee," nikasema, bila kuondoa jicho. "Lakini kiti nimekikalia."